Ngoma ya Kuikaribisha Mashine

Majani ya jioni yalipokwisha kupimwa na lori kuondoka, msimamizi Joab aliwaambia wanawake wasivue epuroni kwanza. Alipanda juu ya kreti iliyopinduliwa ili walio nyuma wamwone, akatangaza kwamba wiki ijayo wakubwa wa kampuni wangekuja kuzindua mashine mpya za kuchuna chai, na akina mama wangewachezea wageni hao ngoma. Aliwaonyesha mwenyewe namna ya kucheza: kulia kidogo, kushoto kidogo, makofi, tabasamu. Kiuno chake kilikuwa kigumu kama mlango wa stoo, lakini hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kwamba mashine ingefanya kazi ya karibu kambi nzima, na kwamba asiye na kazi hana nyumba kambini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Joab alimalizia, kisha akashuka.

Aliyechaguliwa kuongoza ngoma ni Aluoch, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bonde. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa bi arusi, mumewe akafia hapo kambini, na vidole vyake vilikuwa vimeshika weusi wa utomvu wa majani chai, weusi ambao sabuni haiutoi wala ndimu. Alikuwa amecheza sana maishani, ila siku zote kwa ajili ya watu wengine: maharusi, maaskofu, wabunge waliochelewa mpaka watoto wakasinzia migongoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe angependa kucheza nini. Wazo hilo lilimjia jioni ile akikatakata sukuma wiki, na lilimkasirisha hata akajikata kidole.

Kesho yake alikuja mazoezini na ufito wake wa kazi. Mchunaji huulaza ufito juu ya michai ili apate usawa: chipukizi linalozidi ufito huchunwa, na lililo chini yake huachwa likue. Aluoch aliuinua ufito juu ya kichwa, akayatikisa mabega kama walivyoyatikisa nyanya zake kule ziwani, halafu mkono wake wa kulia ukaanza kuchuna hewani, upesi upesi, kama mtu aliyeliona lori likija. Kila vidole vilipopita, mstari mweusi ulibaki. Alipotua, mbele ya mizani palikuwa na picha ya mwanamke mwenye kikapu mgongoni, imesimama hewani bila kushikwa na kitu.

Chepngetich, jirani yake kutoka Kimulot, aliivuta picha aone kama itakatika. Haikukatika. Basi akatundika sweta yake hapo, maana jua lilikuwa limewaka, na akauliza kama na yeye anaweza. Aluoch akamwambia ajaribu, ila asicheze ya mtu mwingine. Chepngetich alikuwa mtu wa kupiga makofi kwa woga hata kanisani. Siku hiyo alicheza jinsi mama yake alivyokuwa akipamba vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, na hewani kikatokea kibuyu chenye shanga zake zote, kikubwa kuliko ndama. Akakitazama kwa muda mrefu, akasema hakujua kwamba bado alikuwa nacho.

Kabla ya wiki kwisha uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo, mtoto aliyezikwa Londiani, na nyumba yenye veranda ambayo hakuna mtu wa kambi aliyekuwa nayo. Watu walizoea kupita wakiwa wameinama. Walioishiwa na kamba walianika nguo.

Joab alikuja na panga azikate picha. Liliisha makali, akalirudisha stoo na kumwita Aluoch kando.

"Mama Oyugi," alisema, kwa jina la kifunguamimba wake, "mimi nilisema ngoma ya wageni tu. Sasa hii ni nini?"

"Hii ni yangu."

"Na wageni je?"

"Wataangalia. Si hata sisi tumekuwa tukiwaangalia?"

Joab hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuagizwa. Akamweleza polepole kwamba wanawake wachache wangebakishwa kuchuna kwenye miteremko ambako mashine haipandi, na kwamba jina lake lilikuwa likitajwa ofisini, mradi siku hiyo ipite vizuri. Aluoch alitaka sana kubaki. Hakujifanya hataki. Alirudi nyumbani, akaketi mlangoni akiitazama mikono yake, na akaona kwamba imekuwa ikiwachumia wengine tangu ujana wake. Kwa siku moja ingefanya kazi yake yenyewe.

Wageni walifika saa nane, wakaketi chini ya hema. Mashine ilikuwa imefungwa utepe, na juu yake ameketi dereva wake, Kipngeno, kijana mrefu sana kutoka Litein. Joab akawapa akina mama ishara. Aluoch hakwenda kulia wala kushoto. Aliinua ufito, wenzake wakainua zao, na ngoma ikashuka kutoka hemani hadi shambani. Walichora wanawake wote waliowahi kuchuna kilima kile, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na mikono yake.

Wageni walipiga makofi. Kofia ya mkubwa wao ilinasa kwenye kiwiko cha marehemu mmoja, akainasua na kuendelea na hotuba. Alisema kampuni inathamini sana utamaduni. Kisha akakata utepe, Kipngeno akawasha mashine, akalala juu ya usukani ili apite chini ya miguu ya wale wanawake wa hewani, na kabla soda hazijamalizika alikuwa amechuna sehemu ambayo wao wangeichuna kutwa.

Jumatatu Joab aliwataja watakaobaki. Chepngetich alikuwemo. Aluoch hakuwemo. Baadaye picha ya wanawake wa kilimani ilionekana kwenye pakiti za majani chai, na hakuna mchoraji aliyeulizwa.

Siku ya kuhama Aluoch alifagia nyumba, akafunga godoro kwenye bodaboda. Chepngetich alilia waziwazi. Aluoch akaurudia mlango, akaulaza ufito kutoka mwimo mmoja hadi mwingine, akapima kama anavyopima mchai, kisha akapitisha mkono mara moja, akiwa amekaza midomo. Mstari ukabaki mlangoni.

"Mbona umeuweka chini hivyo?" Chepngetich aliuliza.

Aluoch akapita chini yake bila kuinama, akaenda zake. Sasa anauza dagaa wa omena sokoni Litein, na alasiri wanawake hukusanyika nyuma ya kibanda chake kucheza kila mtu yake.

Nyumba ile alipewa Kipngeno. Asubuhi ya kwanza aligonga paji la uso, ya pili akakumbuka. Hajauliza ni mstari wa nani. Kila siku, kabla ya kwenda kuwasha mashine, huinamisha kichwa mlangoni mwa Aluoch, halafu huenda kazini.