Mwewe Anaponyonyoka

Mansfield bila gari ni jela yenye zulia. Auntie Everline, mdogo wake mama, ndiye aliyenipokea kutoka Kisii, na ndiye mwenye gari. Basi nilikuwa nikienda anakokwenda yeye: kanisani, dukani, kanisani tena.

Jumamosi nilitakiwa kwenye usaili katika chuo kimoja cha Houston. Nikiukosa, kwaheri utafiti wangu wa historia ya neno moja la Kiskoti cha kale: *transmew*, kugeuka kuwa kitu kingine. Auntie naye alikuwa amenipangia Jumamosi hiyo hiyo kuanza kozi ya kutunza wazee. Kanisani walikwisha kuniombea kama nesi mtarajiwa, mbele ya watu wote, nami kwa woga wangu nikaitikia amina kwa sauti. Baada ya amina ile ningesema nini tena?

"Kerubo, kila mtu hapa ame-change," aliniambia jikoni Ijumaa, sare yake ya kutunza wazee mwilini. "Melkiori wa pale kanisani alikuwa wakili, sasa ana-drive trela. Mimi nilikuwa nafundisha Literature. Hilo neno lako litakulisha?"

Hasira ikanipanda, nikammwagia yote. Kwamba Waskoti waliliazima kwa Wafaransa, na kwamba Wafaransa walikuwa na neno la ukoo huo huo kwa mwewe wa kuwinda anaponyonyoka manyoya. Siku hizo alifungiwa ndani mpaka yaote mapya.

"Na yakishaota?" Ilikuwa sauti ya mwalimu darasani. Sikuwahi kumsikia nayo.

"Anafunguliwa."

"Anaenda zake?"

"Hapana, Auntie. Anamwindia bwana wake, halafu anarudi."

Akafungua bomba, akalifunga bila kuosha kitu. Niliona aibu, maana sikukusudia kumsema yeye.

Asubuhi alitoka na sare ile ile. "Ingia kwa gari," akasema, basi. Niliingia nimekata tamaa kabisa. Tulipofika pa kukata kona kwenda kwenye kozi, akapapita. Sikuthubutu kuuliza kitu mpaka nilipoona kibao cha Houston, nikalia kama mtoto.

Chuoni nilimsihi ashuke, aione hata maktaba tu. Aliutazama mlango wa maktaba muda mrefu. Mkono ukaenda kwenye mkanda, ukasita hapo.

"Nenda, mama," akasema. "Mimi nikishuka hapa, kazini sirudi."