Foleni Nje ya Handaki

Shemeji yangu Wilf Staniforth aliwahi kuongoza idara ya leseni za mbwa kwenye halmashauri yetu hapa Sheffield, na hata mbwa hawakumheshimu. Kisha wakubwa, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wakampa kazi ya kutuokoa siku Warusi watakapotupiga bomu la nyuklia. Tangu hapo akawa hatembei, anatamba. Debe tupu, na mjini kote likawa linavuma.

Watu wa televisheni walipokuja kutoka London kupiga picha za mchezo wao wa vita vya nyuklia, walimwita awashauri. Dada yangu Enid, mkewe, naye wakamchukua awe mmoja wa manusura. Walimpaka uji wa shayiri usoni, wakasema ameungua. Mwongozaji, kijana aliyejifunga skafu wakati wa joto, aliwaambia manusura wauvamie mlango wa handaki walimojificha wakubwa wa halmashauri, wapate chakula. Wakapanga foleni.

"Mna njaa! Mmerukwa na akili! Piganeni!" akafoka.

Wakasukumana kidogo, wakaombana radhi, foleni ikarudi palepale. Mwishowe akaipiga picha hivyo hivyo, akajisifu kwamba hilo ndilo alilotaka tangu mwanzo. London huko wanazaa watu wa ajabu.

Jioni ya siku mchezo ulipoonyeshwa, Wilf alitualika sebuleni kwake, mimi na jirani yao Ted Crookes, aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha chuma. Enid aliandaa chai na pai za nyama. Chai ilipoa. Tuliitazama mitaa yetu ikiungua, na duka la nyama la kona ya pili likageuka majivu. Niliogopa, sioni haya kusema. Wilf peke yake alikuwa anatafuna na kusahihisha: kofia ile siyo, simu ile siyo.

Kisha Enid akatokea, uji usoni, kwenye ile foleni. Mlango wa handaki ukafunguliwa kidogo, mkono ukatoa mkate.

"Kosa hilo!" Wilf akasema, mdomo umejaa pai. "Niliwaambia. Mlango ule haufunguliwi."

"Asiyeufungua ni nani?" Ted akauliza.

"Mimi. Ufunguo ninao mimi."

Enid akaweka kikombe chini. "Kumbe wewe utakuwa ndani."

"Sasa nani ataongoza?"

"Na mimi?"

"Wewe uko nyumbani, mke wangu. Si nilishakufundisha? Unang'oa milango, unaiegemeza ukutani, unajilaza chini yake na maji yako. Wiki mbili tu."

"Na nikija kugonga? Mimi, Wilf. Nimeungua kama hivyo hapo."

Hakuna aliyeitazama televisheni tena. Dada yangu ameishi na mtu huyu tangu ujana wake, amempigia pasi kila shati alilovaa, na alichotaka ni neno moja. Hata uongo ungetosha. Wilf alijifuta midomo, akafikiri. Alifikiri, yule mjinga!

"Amri ni amri, Enid. Nikikufungulia wewe, kesho nitamfungulia nani?"

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini huyu ngoma nzima alishaingia nayo handakini.

Ted aliinuka, akaacha pai yake nusu sahanini, akatoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga. Kwetu hilo ni tusi kubwa. Wilf akamkimbilia uani, na ndara zake, mvua inanyesha, amweleze habari za vumbi la nyuklia. Enid akaenda taratibu jikoni, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni.

Punde tukasikia kugonga.

"Enid! Mlango umejifunga!"

"Haukujifunga."

"Nimelowa, mke wangu! Usinifanyie utani!"

Enid akalifungua dirisha kiasi cha kupitisha sauti.

"Mlango wa choo uko hapo uani, Wilf. Ung'oe, uuegemeze ukutani, ujilaze chini yake. Wiki mbili tu."

Akafunga dirisha, akaanza kuosha vikombe, machozi yanamtoka. Mimi nilisogeza pazia nimcheke shemeji yangu. Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa choo, ameinama, anazikagua bawaba.