Ubao Usioitiwa Mtu

Mnunuzi aliitaka shule pamoja na mwalimu wake, na mwalimu hakuwa huyu aliyekuwa akiiuza.

Yeye alikuwa Mwenyewe. Ndivyo wanafunzi walivyomwita, kwa sababu kodi ya jengo alilipa yeye, madawati aliyagonga misumari yeye, na funguo zilining'inia kwenye mkanda wake. Lakini kila jioni watu wazima walipotoka makazini kuja kujifunza kusoma, hawakumtafuta mwenye funguo. Walimtafuta dada yake mdogo. "Mwalimu hajafika?" Miaka yote swali lilikuwa lilelile, naye kasimama pale mlangoni kama kigingi, kijiba cha roho kimemkaba.

Sasa magoti yalikuwa yamemchosha, akaamua kuuza. Mnunuzi, mwanamama mwenye shule nyingine ya aina hiyo mtaa wa pili, alizungukia vyumba, akapapasa kuta, akasema, "Madawati yapo kila mahali, ndugu yangu. Mimi nafuata kazi ya dada yako. Akikubali kubaki, nachukua yote, hadi kibao cha mlangoni."

"Hata mimi nafundisha."

"Sijakataa. Nitakuja Alhamisi nikuone."

Alhamisi mchana akamwambia dada yake, "Leo pumzika."

"Nipumzike na mgeni anakuja?"

"Kwani shule ya nani?"

Dada akamtazama. "Yako, kaka. Nani kabisha? Ila usimwite mtu ubaoni."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha tu."

Sharti hilo alikuwa ameliweka dada. Chaki zilikaa dirishani. Aliyejiona yuko tayari aliinuka mwenyewe, hata kama ni baada ya miezi. Mtu anayeitwa babu nyumbani kwake, alisema dada, hasimamishwi kama mtoto. Mwenyewe aliuona huo ni ulegevu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu waliupenda.

Jioni ikafika. Mwanamama akaketi nyuma kabisa. Mwenyewe akaandika, akasoma, akauliza swali. Akauliza tena. Mtu mmoja akakohoa. Kule nyuma mgeni akaangalia saa yake. Mwenyewe akanyoosha kidole kwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeanza masomo juzijuzi.

"Wewe mzee, njoo uandike jina lako."

"Niache nikae tu, Mwenyewe."

"Jina lako linakushinda?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba zamu isikufikie. Fundi akaenda. Akaishika chaki kama sindano, akaandika herufi mbili, ya tatu ikamgomea. Akasimama pale, mgongo kwa watu. Mstari wa pili alikuwa ameketi mkwewe, mke wa mwanawe. Akainamisha macho sakafuni ili asimwone baba mkwe akiaibika.

Fundi akairudisha chaki dirishani taratibu, akachukua kofia yake. "Usiku mwema, Mwenyewe."

Mkwewe akamfuata. Dereva wa lori akainuka naye. Muuza mboga alifika mlangoni, akageuka. "Mimi nilidhani nimekuja shule, kumbe kituo cha polisi."

"Kaeni, bado hatujamaliza," alisema Mwenyewe.

"Sisi tumemaliza, baba."

Chumba kikabaki na watu wawili. Mwanamama akaning'iniza mkoba begani.

"Dada yako angefanyaje?"

"Angewabembeleza."

"Hicho ndicho nilichokuwa nanunua," alisema, akatoka.

Kesho yake dada alikwenda kwa fundi cherehani kuomba radhi kwa niaba ya kaka yake. Akaletewa maji, akakalishwa. Wiki iliyofuata alianza kazi kwa yule mwanamama, na darasa zima likamfuata huko, fundi akiwa wa kwanza.

Kwa hiyo kilichopotea ni hiki. Mnunuzi mmoja. Wanafunzi thelathini na wanne, maana hata waliocheka hawakurudi. Madawati yote, yaliyochukuliwa na mwenye ukumbi wa sherehe kwa bei ya kuni. Na dada mmoja, ambaye siku hizi akipigiwa simu na kaka yake husema yuko darasani, hata Jumapili.

Funguo Mwenyewe bado anazo.