Samli Katika Sikio la Kipkurui

Jirani yangu Jerusa aliniambia sokoni Roret, mwaka wa tisini na nne, ati vumbi la kiwanda cha chai lina mdudu anayekula sikio polepole. Mtoto wa darasa la pili angecheka. Mimi niliyefika la sita nilikosa usingizi. Kijana wangu Kipkurui alikuwa kwenye mashine za kukata majani, na siku hizo kumwita aje kula ilikuwa lazima nimrushie kijiti ndio ageuke.

Nikapasha samli, nikamvizia amelala mchana, nikammwagia sikioni. Alitoka mbio kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Nikabaki na tochi nikingoja mdudu. Kilichotoka ni samli tu, na ndiyo ilikuwa ya mwisho nyumbani.

Tukaenda kwa daktari Akeyo. Akapima, akasema hakuna mdudu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinapokea sauti. Kelele ya mashine inazichosha mpaka zinakufa, na za Kipkurui nyingine zilikuwa zimeshakufa.

Nikamwambia si neno, hata chai tukiipogoa inabaki vijiti, halafu inachipua.

"Mama Kipkurui, hizi si chai," akasema. "Zikifa hazichipui. Tulinde zilizobaki."

Akamwuliza kijana mbona havai vifuniko vya masikio na kiwanda kinatoa. Kipkurui akaangalia ukuta. "Daktari, nilisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Leo nijifiche mbele ya mashine?"

Kwetu kijana akishatahiriwa, mama hamwamuru tena. Sembuse mimi wa kumwaga samli. Nikaenda Silibwet kwa kaka yangu Johana, maana neno la mjomba halikataliwi.

Johana alikuja, akaketi, akaongea chini makusudi. Kipkurui akainama akimwomba arudie. Johana akarudia, kijana bado hakusikia. Ndipo mjomba akapaza sauti.

"Mbele ya kisu tulikuomba ujasiri, ukautoa. Masikio nani amekuomba? Nataka ukipata mtoto umsikie akilia."

Kesho yake Kipkurui akavaa vifuniko. Wenzake wakamwita bibi arusi kwa kujifunika, naye akaendelea kuvaa. Yaliyopotea hayakurudi, lakini bado ananisikia nikiwa karibu.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kumwaga samli, maziwa au mafuta sikioni.
Kuchokora sikio kwa kijiti au pini.
Kuingia penye mashine za kelele bila vifuniko.
Kufungulia redio mpaka mwisho.
Kudungwa sindano za mtu wa sokoni; kuna dawa zinazoua masikio.
Kukaa nyumbani bila kwenda kwa daktari, usikivu ukipungua, kwa sababu tu sikio haliumi.