Amana Yenye Pembe

Masika ya mwaka ule yalinyesha siku nne, yakaaga. Hosiana alipoona nyasi za Melela zimekuwa na rangi ya mkeka wa zamani, hakungoja kikao cha wanaume. Mama yake alimfundisha tangu akiwa msichana kwamba mfugaji haweki ng'ombe wake wote chini ya wingu moja. Ukame ukipita hapa na maradhi yakipita kule, lazima abaki japo mmoja mahali ambapo balaa halikujua njia. Kwa hiyo ng'ombe huenda kukaa kwa ndugu, kwa rafiki, kwa yeyote mwenye majani na moyo.

Wawili aliwapeleka kwa dada yake upande wa Turiani. Watatu walikufa wakati bado anatafuta pa kuwapeleka. Akabaki na Nado, ng'ombe mwekundu mwenye mimba ya miezi saba, na huyo ndiye aliyekuwa tegemeo lake, maana Hosiana alikuwa mjane. Nado akifa na ndama tumboni, basi mwaka unaofuata Hosiana angekuwa Mmasai wa kwenye picha tu: shuka lipo, ng'ombe hayupo.

Tatizo ni kwamba rafiki zake wafugaji wote walikuwa chini ya wingu lilelile. Akapiga magoti, akaomba, na jina lililomjia likamshangaza mwenyewe: Mwanahawa wa Mlali.

Mwanahawa alikuwa Mluguru, mkulima wa ndizi na mboga. Kwa miaka sita walikuwa wakikaa pamoja kwenye gulio, mmoja na maziwa, mwingine na ndizi, wakichokozana kutwa nzima. Mwanahawa alikuwa akisema, "Ninyi mngeweza, mngefunga ndoa na ng'ombe." Hosiana naye akijibu, "Na ninyi mnalala na jembe mkidhani ni mume."

Akaanza safari alfajiri, akafika Mlali jioni. Chini ya milima majani yalikuwa bado mabichi na mfereji ulikuwa na maji. Yunusi, mume wa Mwanahawa, fundi cherehani, aliona pembe zinaingia uani, akahamia nyuma ya mlango.

"Shoga," alisema Hosiana, "huyu ni Nado. Naomba akae kwako mpaka mvua zirudi."

"Kwangu? Mimi najua mbuzi tu!"

"Mbuzi ni ng'ombe aliyekata tamaa. Utaweza."

Mwanahawa akafuta mikono kwenye kanga, akamwekea Nado kiganja kwenye paji la uso. "Nimeipokea amana hii mbele ya Mwenyezi Mungu," akasema.

Hosiana alirudi kwao akiimba. Kwao, anayekaa na ng'ombe wa rafiki hunywa maziwa yake. Hiyo ndiyo shukrani, na ndilo fundo linalofunga urafiki. Hakulitaja, kwa kuwa hakuna mtu wa kwao anayelitaja. Ingekuwa kama kumkaribisha mgeni chakula kisha ukamwagiza atafune.

Lakini Mwanahawa alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba amana hairambwi hata kwa ncha ya kidole.

Nado alitunzwa kuliko mkwe. Alikatiwa majani, akaletewa migomba iliyokwisha kuzaa, akawekewa maji ya mfereji asubuhi na jioni. Yunusi alipopita mbele yake alisema "Shikamoo" kwa sauti ya chini, kwa tahadhari, kwa sababu hakujua umri wa ng'ombe unahesabiwaje. Baada ya miezi miwili akazaliwa ndama jike, mwekundu kama mama yake. Hosiana alielekeza kwa simu jinsi ya kukamua, na Mwanahawa, baada ya kupigwa teke mara tatu, akaweza.

Ndama alishiba na maziwa yakabaki. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Siku ya kwanza Yunusi aliweka kikombe cha chai ya rangi karibu na sufuria, akatabasamu.

"Ondoa kikombe," alisema Mwanahawa.

"Tone moja, mke wangu."

"Tone litaulizwa Siku ya Kiyama. Utajibu wewe?"

"Nitajibu. Nitasema chai ilikuwa nyeusi."

"Hiyo ni mali ya mtu!"

Maziwa yakawekwa kwenye dumu. Dumu likajaa, ikaja ndoo. Ndoo ikajaa, zikaja sufuria, chupa ya chai, na beseni la kufulia. Yaliganda, mengine yakatoa harufu iliyovuka ua. Jirani yao Mwaisha alipita akiwa ameziba pua na kuuliza kiwanda kitafunguliwa lini. Alfajiri ya siku ya kumi na tano Yunusi alichukua birika gizani ili atawadhe, akajimiminia mikononi, na kilichotoka hakikuwa maji.

Asubuhi ile alikwenda kwa Mwalimu Mwinjuma wa madrasa, mikono ikiwa bado inanuka.

"Mwalimu, shikamoo. Amana ikiganda, hukumu yake nini?"

Mwalimu alisikiliza habari yote bila kucheka, ingawa ndevu zilitikisika. "Mkeo yuko sahihi," akasema. "Amana haitumiwi bila idhini ya mwenyewe. Lakini kwa nini asiombe idhini? Si ana simu?"

"Anaona aibu. Anasema ataonekana ana tamaa na mali ya mjane."

Hivyo Mwanahawa hakuuliza, na Yunusi akaendelea na chai ya rangi. Wiki moja baadaye Hosiana ndiye aliyepiga simu. Kule Melela hali ilikuwa mbaya zaidi. Alitaka kusikia habari njema.

"Nado anakamuliwa?"

"Anakamuliwa, shoga, ondoa shaka. Maziwa yote yapo."

"Yapo wapi?"

"Ndani. Hakuna hata tone lililopotea. Hatujagusa!"

Simu ikakatwa upande wa pili.

Hosiana alikaa chini kwenye vumbi. Mtu anayekataa maziwa ya ng'ombe wako amekueleza, bila kufungua kinywa, kwamba hataki kufungwa nawe. Siku yoyote atamfungua ng'ombe huyo kamba na kumwacha aende. Ng'ombe wa namna hiyo hana nyumba popote. Usiku kucha alimwomba Mungu ampe jina jingine, hakupewa. Kabla ya mapambazuko akachukua fimbo na kamba, akaondoka bila kutia kitu kinywani, kwenda kumrudisha Nado kwenye nyasi zisizokuwepo.

Mwanahawa alimwona kutoka mbali akapiga vigelegele. Alikuwa akiisubiri siku hiyo ya kukabidhi. Akatoa vyombo vyote uani, kimoja baada ya kingine, akavipanga, akafunua vifuniko. Kuku walikimbia.

"Mali yako, shoga. Hesabu!"

Hosiana hakuvitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mti, akaanza kufungua kamba ya Nado.

"Unafanya nini?"

"Namrudisha."

"Kwenye ukame? Na mtoto mchanga huyu? Atafia njiani!"

"Afadhali afie kwangu. Kumbe nilimwacha kwa mtu anayeona kinyaa maziwa yangu."

"Kinyaa!" Mwanahawa akashika kiuno. "Mimi nimelala na ndoo miguuni! Mume wangu ametawadha kwa mtindi! Nimekulindia mali yako, halafu unanitukana uani kwangu?"

"Sikukuomba ulinde. Kama hunywi, wewe ni mti tu niliomfungia ng'ombe."

"Na kwetu anayekula amana ni mwizi!"

Kelele zilimfikia Mwalimu Mwinjuma, akaja na kofia mkononi. Akawasikiliza wote wawili, kwa zamu, mara mbili. Mwishowe akasema, "Mama, neno moja litatosha. Mwambie, 'Maziwa haya nimekuruhusu unywe.'"

Hosiana akatikisa kichwa. "Mwalimu, neno hilo kwetu halisemwi. Nikilisema, nimemfanya ombaomba mbele ya watu. Mimi simwaibishi rafiki yangu."

"Nami bila neno sinywi," alisema Mwanahawa.

Yunusi aliketi juu ya dumu, akashika tama. Mmoja hawezi kusema, mwingine hawezi kunywa. Mwalimu naye akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Kamba ilikuwa imeshafunguka. Hosiana alivuta hatua mbili, akajishika kwenye shingo ya Nado ili asianguke. Mwanahawa akasahau ugomvi.

"Tangu lini hujala?"

"Tangu jana mchana."

"Ee Mungu wangu! Yunusi, lete mkeka!"

Ugali ulikuwapo wa moto. Kitoweo hakikuwapo, ila kilichojaa uani, na hicho kilikuwa mali ya mgeni mwenyewe. Mwanahawa akachagua mtindi wa juzi, ulio mzuri, akaumimina kwenye bakuli, akaliweka kwenye sinia mbele ya Hosiana.

"Kula, shoga. Ni yako."

Hosiana akanawa. Akaitazama sinia. Halafu akaiweka mikono magotini.

"Sili peke yangu," akasema.

"Utazirai!"

"Nitazirai."

Mwanahawa akamgeukia Mwalimu kwa macho ya kuomba msaada. Mwalimu akakohoa. "Mgeni ana haki yake," akasema taratibu. "Kumwacha mgeni afe kwa njaa mlangoni kwako, hilo nalo litaulizwa. Na huyu mwenyewe amekaa, amesogeza sinia katikati. Mimi naona hiyo idhini ina mikono, ingawa haina mdomo."

Kweli, Hosiana alikuwa ameisukuma sinia mpaka katikati ya mkeka, akitazama milima kana kwamba sinia imetembea yenyewe.

Mwanahawa akanawa polepole sana. Akasema bismillahi kwa sauti ambayo hata Mwaisha aliisikia ng'ambo ya ua. Akakata tonge, akachovya, akatia kinywani, akafumba macho kama anayesubiri radi. Radi haikuja. Akafungua jicho moja.

"Mtamu," akasema.

"Nilijua," alisema Hosiana, naye akachovya.

Yunusi hakukaribishwa na mtu. Alikuwa ameshanawa tangu Mwalimu alipokohoa.

Walipofikia nusu ya ugali, Mwanahawa akasimamisha tonge hewani. Dhamiri yake ilikuwa imeamka tena. "Na kesho je? Wewe utakuwa Melela. Nitakula na nani?"

Hosiana alifikiri huku akitafuna. "Kesho nitakaa kula kule, nawe utakaa kula huku," akasema. "Sinia ni ileile. Ni ndefu tu."

Mwanahawa akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa na mdomo umejaa, akaishia kuinua kidole kukubali.

Hosiana akainuka, akamrudisha Nado mtini, akaifunga kamba kwa fundo lile ambalo watu wa kwao hulifunga wasipokusudia kulifungua upesi.