Kofia Upande wa Kushoto

"Ongea, mzee wangu! Ukinyamaza hajui uko wapi."

Daktari wa mifugo alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana Mungu alimjalia elimu nyingi na urefu kidogo. Mbele yake, farasi jike wa miaka miwili aliyumba kwa dawa ya usingizi, mdomo wa chini ukining'inia kama soksi kuukuu. Daktari alikuwa akipitisha mrija mwembamba wa plastiki kwenye kope la juu la jicho la kushoto, na mwanamume aliyeshika kichwa cha mgonjwa alitakiwa kuzungumza.

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwanamume huyo aliitwa Kimya, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Inasemekana kwamba hata kwenye harusi yake mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

"Niseme nini, daktari?"

"Chochote."

Kimya alifikiri sana. "Habari za asubuhi," akamwambia farasi.

Farasi hakujibu.

Mgonjwa aliitwa Mwizi, na yeye pia alilistahili jina lake. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa, Kimya akamlea kwa chupa, na tangu alipojua kusimama sawasawa alikuwa mwizi wa kofia. Hakuiba kingine chochote. Kabla ya kutenda uovu huo alikuwa akirefusha mdomo wa juu taratibu, kama mtu anayetaka kupiga mluzi, halafu kofia ya Kimya ikawa imekwenda. Kwa kuchoshwa na ujambazi huu, Kimya alipigilia msumari mrefu juu ya mlango wa banda, akawa anaitundika kofia pale, mahali ambapo aliamini hakuna mdomo unaoweza kufika.

Mdomo ulifika. Msumari nao ulifika jichoni.

Kofia ilikutwa chini kwenye majani makavu, na Mwizi amesimama pembeni amefumba jicho la kushoto, machozi yakimchirizika hadi puani. Kimya aliung'oa msumari kwa mikono mitupu. Alama yake ilikuwa bado kiganjani.

"Kidonda kiko kwenye kioo cha jicho," daktari alisema aliposhuka kwenye ndoo. "Ni kirefu. Kikienda ndani zaidi jicho litatoboka, na likitoboka nitalitoa. Sikufichi."

"Na lisipotoboka?"

"Litapona na kovu. Ataona, au ataona ukungu, au hataona. Hilo tutalijua baadaye." Aliufuatisha mrija kutoka kwenye kope, kupitia katikati ya masikio hadi shingoni, akaanza kuusuka pamoja na singa, kama dada anayemsuka mdogo wake nywele. "Dawa utaisukumia hapa, shingoni, kwa bomba la sindano. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Jicho lenyewe usiliguse. Na upite kulia! Upande wa kushoto haoni kitu sasa hivi. Ukimtokea kushoto bila sauti, atakuona jini."

Hapo ndipo mambo yote yalipogeuka. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi na farasi anajua kwamba farasi huendewa kutoka kushoto. Kushoto ndiko hushikwa, ndiko hufungwa, ndiko hupandwa. Banda zima lilijengwa kwa ajili ya kushoto: kitasa, pete ya kamba, ndoo ya maji. Hata mguu wa Kimya ulikuwa wa kushoto, ukiingia mlangoni kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Tajiri, mwenye farasi, alikuja mchana na viatu visivyopenda matope. Alichungulia tu.

"Huyu nilimweka kwa ajili ya kufundishia watoto kupanda," alisema. "Sasa wewe niambie. Nitampandisha mtoto wa mtu juu ya farasi wa jicho moja?"

Kimya aliviangalia vile viatu.

"Lipone, basi. Lisipopona ataondoka. Sina roho mbaya, ila nina watoto wa watu."

Kwa hiyo Kimya akaanza kuongea.

Siku ya kwanza alimaliza maneno yake yote kabla ya saa nne asubuhi. Alishatoa salamu, alishaeleza hali ya hewa, alishamtajia Mwizi kila kitu kilichomo bandani kuanzia reki. Ilimbidi aende mbali zaidi. Alimsimulia habari za shemeji yake aliyekuja kukaa siku mbili na sasa ana ufunguo wake mwenyewe. Alimweleza kuhusu goti lake. Huku akizungumza alizunguka kulia, akatafuta mwisho wa mrija kwenye singa, akasukuma dawa taratibu, na kule juu, ndani ya kope, tone likaingia bila mkono wa mtu kuonekana. Mwizi alipepesa, akashusha pumzi, akaendelea kusikiliza kesi ya shemeji.

Mkewe alikuja kumletea chakula, akasimama nje ya banda asionekane.

"...siku ya kumposa nikakaa barazani kwao, kiatu kinanibana," Kimya alikuwa akisema ndani, "nikawaza, nikifungua mdomo atajua naogopa. Nikanyamaza. Akadhani mimi ni mtu wa busara."

"Kumbe!" mkewe akaingia na bakuli. "Mume wangu ana maneno! Miaka yote hii ulikuwa unayaweka wapi?"

Kimya akaona haya hadi masikioni.

"Endelea, mzee, usijali mimi," mkewe alisema. "Na ukimaliza, njoo uiondoe ile chupa ya damu kwenye friji yangu."

"Si damu. Ni maji ya damu ya Mwizi mwenyewe. Daktari kayachuja, yanazuia kidonda kula kioo."

"Yako kando ya nyanya zangu."

"Nyanya ndizo zihame," alisema Kimya, na wote wawili wakashangaa.

Daktari alikuja na kuondoka. Doa jeupe jichoni lilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, kisha ya mchele. Asubuhi moja alitia rangi ya kijani kulipima, akamulika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kidonda kinafunga! Mzee wangu, kinafunga."

Furaha ni kitu cha hatari kwa mtu asiyeizoea. Kimya alilisindikiza gari la daktari hadi getini, akarudi akitabasamu peke yake, na kwa kuwa alikuwa anatabasamu hakuwa anaongea. Mguu wa kushoto ukaingia mlangoni. Mkono ukaenda ulikokwenda maisha yake yote, shingoni, upande wa kushoto.

Mwizi alirusha kichwa kama aliyeunguzwa. Mrija ulinasa kwenye kitasa, ukavutika, na ulipokatika Kimya aliusikia. Kope likaanza kutoa damu.

Alisimama na kipande cha plastiki mkononi. Sasa maneno yalimjia yote kwa pamoja, yakakwama mlangoni, kama wanafunzi wakisikia kengele ya chakula.

Daktari aliporudi hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alilitazama jicho muda mrefu.

"Limekwaruzwa tena. Kope limevimba, siwezi kuweka mrija mwingine," alisema. "Itabidi dawa iingizwe kwa mkono. Mmoja afungue kope, mwingine adondoshe. Akikataa, akipiga kichwa, jicho limekwenda. Una mtu?"

"Nina mke," alisema Kimya.

Mkewe aliogopa farasi kama watu wengine wanavyoogopa daktari wa meno. Alifunga kitambaa kichwani, akajitangaza mlangoni kwa sauti ya mtu anayeingia kwenye kikao cha ukoo, akasimama kulia akiwa ameshika kichupa kwa vidole viwili. Kimya aliegemeza paji lake kwenye shavu la Mwizi. Alimhisi akitetemeka, ngozi yote ikicheza.

"Mwambie kitu," mkewe alinong'ona.

"Mimi ndiye niliyeuweka ule msumari," Kimya alimwambia Mwizi. "Niwekee kosa hilo mimi. Usimwekee huyu mama, huyu hana kosa, huyu alikuwa na nyanya zake tu. Tulia. Niko huku. Sasa kidole kinakuja. Kidole hiki. Unakijua, ulikinyonya."

Kope likafunguka. Tone likaanguka. Mkewe akavuta pumzi kwa niaba ya wote watatu.

Wakaendelea hivyo, tone baada ya tone, hadi sauti ya Kimya ikakauka na kuwa kama ya jogoo mchanga, na jicho likaacha kuchuruzika. Lakini Mwizi hakuiba tena. Kofia ilipita mbele yake siku nzima salama salimini, na hakuna jambo lililomtia Kimya wasiwasi kuliko usalama huo.

Siku ya kupima, mkewe aliifua kofia kwa sabuni, mara ya kwanza tangu inunuliwe. "Tajiri anakuja," alisema. "Angalau wewe unukie vizuri."

Daktari alifunika jicho la kulia kwa kitambaa, akapunga mkono mbele ya la kushoto. Kope lilitikisika.

"Ameona?" Kimya aliuliza.

"Labda. Labda amehisi upepo wa mkono wangu." Nje, gari la tajiri lilikuwa likipunguza mwendo. "Ngoja nikampokee. Kitambaa kiacheni hapo hapo, nitarudia mbele yake."

Kimya akabaki upande wa kushoto. Ndani ya jicho, juu ya kovu jembamba la rangi ya maziwa, mlango wa banda ulionekana mdogo sana, na ndani ya mlango mtu mdogo sana, yeye mwenyewe. Mkewe alifungua mdomo kusema neno. Kimya akainua kidole.

Akaivua kofia. Akainyoosha mbele kwa mkono wote, mbali, akazuia pumzi.

Sikio moja la Mwizi lilikuwa nyuma, kwenye sauti za getini. La pili likageuka, likasita. Kisha mdomo wa juu, taratibu mno, ukaanza kurefuka.

Kimya akaisogeza kofia kando, upana wa kidole, akasubiri kuona kama mdomo utaifuata.