Mvua ya Mama

Binti alipoomba kipande cha shamba la mama yake kwa ajili ya utafiti wa chuo, mama alikubali kabla hata hajamaliza kueleza. Nani angekataa? Mtoto wa kwanza katika ukoo mzima kufika chuo cha kilimo, halafu anarudi nyumbani na kamba na vigingi kupima shamba lile lile alilolipalilia utotoni. Mama alijiona kichwa kinagusa paa.

Kipande chenyewe kilikuwa kando ya barabara. Binti akakigawa katikati. Upande mmoja alipanda mahindi, akafunika udongo kwa majani makavu ili unyevu usitoroke. Upande wa pili akapanda mahindi yale yale, akauacha wazi.

"Huu wa wazi ni wa kulinganishia, mama. Usiuguse. Usiusaidie kwa lolote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Hakuelewa. Mama aliishia darasa la saba, na tangu binti aingie chuo aliona haya kumwuliza jambo mara mbili. Akawa mtu wa kuitikia tu. Mzazi mwenye mtoto chuoni na asikie vizuri hapa, kwa sababu balaa lote lilianzia kwenye hilo neno moja, nimeelewa.

Jua likakaza. Upande wenye majani ukavumilia. Ule wa wazi ukaanza kujikunja na kugeuka manjano. Hapo ndipo jirani wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa marehemu mume wa mama, waliyemwita Mzee Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki, alipopata kipindi.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Haya ndiyo mahindi ya chuo? Basi yangu ambayo hayajaenda shule yatakuwa maprofesa!"

Wapita njia wakacheka. Mama naye akacheka, cheko la kuazima. Mwalimu wa chuo atakuja, aliwaza, ataona manjano, atampa mwanangu sifuri. Kwake yeye mahindi mabaya yalikuwa sawa na daftari lililojaa wino mwekundu.

Kesho yake alfajiri akachota maji, akaumwagilia upande wa wazi. Keshokutwa tena. Ikawa ndiyo kazi yake kabla watu hawajatoka, ndoo kichwani, akinyata ndani ya shamba lake mwenyewe kama mwizi. Mahindi yakanyooka, yakarudisha rangi. Mzee Redio akakosa la kutangaza.

Binti alipokuja kupima urefu wa mabua, alisimama kitambo mbele ya upande ule.

"Mama, huku kumenyesha?"

Angeweza kusema pale pale, yakaisha. Badala yake akamgeuzia mgongo, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Kamvua kalipita," akasema.

Binti akaamini. Ni mama yake, angeanzia wapi kutoamini? Akaripoti chuoni kwamba shamba la mama lilipata mvua.

Mahindi yalipokaribia kuvunwa, mwalimu alikuja na wanafunzi wenzake na binti, na wakulima wa jirani wakaalikwa waje wajifunze. Mwalimu alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alizunguka kipande chote, akapima mwenyewe, kisha akasimama katikati.

"Kwa wenzako wote, upande wa majani umeshinda," alimwambia binti. "Kwako pande mbili zimelingana. Kwa nini?"

"Ilinyesha, mwalimu. Niliripoti."

"Kipimo chetu cha mvua kiko pale shule ya kijiji, si mbali. Wakati huo hakikupata hata tone. Hiyo mvua umeitoa wapi?"

Mwalimu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Watu hawa watalima kwa kufuata maneno yako. Mwanafunzi anayebuni matokeo hatumpi cheti."

"Mvua ya kualikwa hiyo!" alidakia Mzee Redio. "Imeruka kwangu ikatua kwa shemeji!"

Binti akamgeukia mama yake, wala si kwa kumlaumu. Alikuwa anaomba shahidi.

"Mama, waambie. Si ilinyesha?"

Heri angemtukana. Mama alitazama watu, akatazama viatu vya mwalimu vilivyojaa vumbi la shamba lake.

"Mvua ni mimi," akasema.

"Unasemaje, mama?" mwalimu akauliza.

"Hiyo mvua ni mimi, mwalimu. Mimi na ndoo yangu."

Kicheko kikalipuka, mpaka wengine wakashikilia mbavu. Mama akasimama ndani yake kama mtu aliyenyeshewa kweli. Binti hakucheka. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Asante kwa kusema. Basi hakubuni. Lakini matokeo haya tunayatupa. Atarudia msimu ujao."

Msimu ujao wenzake wangekuwa wameshahitimu.

Watu walipotawanyika, mama alijaribu. "Niliogopa watakupa sifuri kwa ule umanjano."

"Yalitakiwa yawe manjano, mama! Ndiyo yangewaonyesha watu jua linafanya nini pasipo majani. Umeyafundisha mahindi kusema uongo."

Mama alipomwambia achukue tena kipande kile kile, binti alitikisa kichwa.

"Siwezi kumwambia mwalimu ni shamba lako. Hataniamini."

Ikabidi waende kwa Mzee Redio, na mama ndiye aliyeomba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu. Mzee aliwasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kipande nitatoa," akasema mwishowe, sasa bila mzaha. "Ila kwa sharti, shemeji. Wewe usikanyage."

Mama alimtazama binti, akitumaini atasema neno. Binti alikuwa anafungua kamba yake.

"Sawa," mama akasema.

Binti akaanza kupima palepale. Mama akabaki barabarani. Mwanamke aliyepita na mzigo wa kuni akamsalimu, akashangaa.

"Mama, mbona umesimama huku nje na mtoto anahangaika peke yake?"

"Nimekatazwa kuingia," akajibu.

"Umekatazwa na nani?"

Mama akavuta pumzi, akaanza kumweleza, tangu mwanzo.